Kamba ya Mwalimu Twahiru

Mwalimu Twahiru alinichosha mimi miaka yote niliyofanya naye kazi, na anayetaka nimsifu kwanza kabla sijamsema aende kwa mke wake, Khadidja, naye atamsema kuliko mimi.

Tulifundisha shule moja ya msingi kule Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura, pale jiji linapoishia na mashamba ya mihogo yanapoanza kupanda mlima. Yeye alikuwa na darasa la sita, mimi la tatu. Upande mmoja wa shule ulikuwa umechomwa mwanzoni mwa vita, kwa hiyo madarasa yetu mawili yaligawana chumba kimoja, katikati pametundikwa shitingi, lile turubai la plastiki la buluu wanalopewa wakimbizi. Shitingi huzuia macho, masikio haiyawezi. Kila alichosema Twahiru nilikisikia mimi, walikisikia na watoto wangu, na siku moja nikisahihisha imla ya Kifaransa nikakuta mtoto ameandika, katikati ya habari za mbuzi na kisima, kwamba nukta haina urefu wala upana.

Ilikuwa mwaka wa embargo. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka kwa sababu ya vita, petroli inauzwa kwa chupa, sukari imekuwa hadithi, na chaki ndiyo usiseme. Direkta wetu, mkuu wa shule Hyacinthe, alizifungia kabatini na kutugawia moja moja, na kabla hajakupa alikutazama kana kwamba unakwenda kuzila. Darasa la sita lilikuwa na konkuru mwezi wa sita, ule mtihani wa taifa unaoamua nani aende sekondari na nani arudi nyumbani. Mtu mwenye akili zake angekimbia na jiometri: pembetatu, mraba, eneo, tumemaliza. Twahiru alikaa kwenye nukta.

Ilikuwa hivi. Anamwita mtoto ubaoni, anamwambia aweke nukta. Mtoto anaweka. Twahiru anasema, "Hiyo si nukta, hiyo ni chaki." Anafuta. Anaita mwingine. Huyu anagusa ubao kidogo tu, kwa woga. "Bado ni chaki." Anayefuata, maskini, anagusa kwa ncha kabisa, alama hata haionekani, na Twahiru anasema, "Umekaribia, lakini bado." Saa nzima inakwisha hivyo, na chaki inakwisha nayo.

"Nukta ni mahali," anawaambia. "Haina unene, haina upana, haina uzito. Ni hapa, basi."

"Baba Rachidi," niliita siku moja kupitia shitingi, maana mwanawe wa kwanza anaitwa Rachidi na heshima hubaki hata ukiwa umechoka na mtu, "muachie mutoto nukta yake, muendelee mbele."

"Mbele wapi, Kudra? Batoto hawajafika hata mwanzo."

"Konkuru itawakuta hapo hapo kwenye mwanzo."

"Basi itawakuta wanajua mwanzo."

Watoto wa pande zote mbili wakacheka, na mimi ndiye nikaonekana sina akili.

Tabia hii hakuipata chuo cha ualimu. Alizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini, kama mimi, baba yake alikuwa mwashi, na nadhani alinyonya maziwa huku anatazama kama ukuta umenyooka. Msikitini siku ya Ijumaa, imamu akisema nyoosheni safu, watu husogea kidogo, yakaisha. Twahiru anapita nyuma akigusa visigino vya watu, kimoja mbele, kingine nyuma, mpaka imamu mwenyewe anageuka kumtazama. Siku ya harusi yangu alikuja kunipongeza, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba turubai la wageni limepinda. Nilikuwa nimevaa dhahabu ya kuazima, viatu vinanibana, nikajikuta natazama turubai. Lilikuwa limepinda kweli. Siku nzima sikuona kitu kingine, na mume wangu Idi hadi leo anadhani nilikuwa nalilia kwetu.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepelekwa kufundisha watoto pembeni mwa jiji wakati wa vita. Kila asubuhi tulipanda wote kwa miguu kutoka Buyenzi, maana magari yalikuwa ya kuhesabu, na njia nzima ananieleza bapa la jiometri ni nini. Kwenye kila baryeri, kizuizi cha askari barabarani, nilimwomba anyamaze. Alikuwa ananyamaza mpaka tuvuke, kisha anaendelea pale pale alipoachia.

Hatimaye akafika kwenye mstari, nami nikamshukuru Mungu mapema mno. Akachora mstari ubaoni kwa rula yake kubwa ya mbao, akawaambia kwamba mstari wa jiometri hauna mwanzo wala mwisho. Unaenda upande huu bila kukoma na upande ule bila kukoma. Danielle, msichana mwembamba wa dawati la mbele, mbishi kama mwalimu wake, akasimama.

"Mwalimu, huo umeishia kwenye ubao."

"Ubao ndio umeisha. Mstari unaendelea."

"Unaendelea kwenye ukuta?"

"Unaupita ukuta."

"Na nje?"

"Nje, na barabarani, na ng'ambo ya barabara."

"Lakini hatuuoni."

Mimi pale ningesema kaa chini, andika, kesho kutakuwa na maswali. Twahiru alinyamaza. Nilikijua kimya chake kile, ni cha mtu anayetafuta namna ya kututia sote matatani.

Kesho yake akaja na kamba ya marehemu baba yake, ile nyembamba nyeupe ya nailoni ambayo waashi hulinganishia matofali. Alipigilia msumari kwenye ukuta wa darasa, akafunga kamba, akaipitisha dirishani, maana vioo tulishavisahau, ikakatisha uani, ikapenya kwenye tundu la uzio wa miti, ikavuka barabara chini chini, ikafika kwenye mkaratusi ng'ambo. Ili isilegee akafanya alivyokuwa akifanya baba yake: akaipitisha juu ya kisiki cha tawi, na mwisho wake akaning'iniza mkebe wa nyanya uliojaa mawe. Kisha akawatoa watoto wote zaidi ya themanini, akawapanga kando ya kamba, akawaambia wafumbe jicho moja.

"Kamba imeisha, mstari haujaisha," alisema. "Ufuateni kwa macho."

Wakaufuata. Ukapita mkaratusi, ukapita mihogo, ukapanda mlima mpaka unakokutana na mbingu. Nilikuwa nimetoka na watoto wangu kwa sababu hakuna aliyekuwa ananisikiliza tena, na nitasema kweli, uwanja ule ulitulia. Danielle aliangalia kule mlimani muda mrefu, halafu akasema, "Ahaa."

Hiyo ahaa ilimlevya Twahiru. Watoto wa zamu ya asubuhi walipotawanyika nikamuuliza, "Na kamba?"

"Iache. Nataka batoto wa muchana nao waione."

"Barabarani, Baba Rachidi?"

"Iko chini, bantu watairuka."

Wallahi alisema hivyo. Mwaka ule, Bujumbura nzima ilijua uzi mwembamba uliokatisha njia chini chini, mwisho wake kuna mkebe, ni mtego wa bomu. Watoto wadogo walijua kuwa usiguse, rudi ulikotoka, mwite mkubwa. Yeye peke yake aliona jiometri. Nami nilikuwa na njaa, nikamwacha, nikaenda kunywa chai ya rangi nyuma ya darasa.

Aliyeiona kwanza alikuwa mama mmoja anayeshuka na kapu la ndizi. Walionisimulia wanasema aliliweka kapu chini polepole, akarudi kinyumenyume hatua kwa hatua, kisha akakimbia bila kupiga kelele. Barabara ikawa tupu. Sisi hatukujua kitu mpaka tulipoona askari wamejaa uani. Mmoja alikuwa amelala kifudifudi ng'ambo ya barabara, anautazama mkebe wa nyanya, jasho linamtiririka. Yule alinitia huruma, maana alitambaa mpaka pale akijua anakwenda kufa, akakuta kokoto.

Aliposimama hakuwa na huruma na mtu. Akauliza kamba ni ya nani. Na Twahiru, badala ya kukaa kimya aone mambo yanaelekea wapi, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Ni yangu," alisema. "Tafadhali musiikate."

Wakaikata. Yule askari akampiga kitako cha bunduki mdomoni, wakamvua viatu, wakamfunga mikono nyuma, wakashuka naye mpaka pozisyo, ndiyo kambi yao ndogo iliyokuwa chini ya shule kando ya barabara. Kila jioni kamionete, pikapu ya jeshi, ilikuwa inapita pale kuwachukua waliokamatwa na kwenda nao mjini, na waliopanda kamionete ile wengi wao hatukuwaona tena. Nilijua hivyo, direkta alijua hivyo, hata watoto waliosimama dirishani walijua hivyo.

Nikaenda mbio ofisini. Hyacinthe alikuwa anafunga kabati la chaki.

"Direkta, twende tukamtoe."

"Madamu Kudra, mimi nina shule ya kuangalia."

"Una shule iliyopungukiwa mwalimu."

"Nitaandika barua."

"Itafika lini?"

"Kesho."

"Na kesho iko wapi kwa Twahiru?"

Akavuta mlango wa kabati kuhakikisha umefunga. Nikamwacha na chaki zake, nikajifunga kanga vizuri, nikashuka peke yangu. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa na hasira na Twahiru kiasi kwamba kama angekufa nisingemsamehe.

Mkubwa wa pozisyo alikuwa askari mmoja wa cheo cha ajida aliyeitwa Bonfils, mtu wa makamo mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alikuwa amekaa juu ya kasha la bia, kamba imekunjwa magotini mwake. Twahiru alikuwa chini, peku, mdomo umevimba. Aliponiona akasema, "Kudra, darasa umemuachia nani?" Nilitamani nimpige mimi mwenyewe.

Na ajida tuliongea Kirundi. Nikamweleza kwamba ni somo la darasa la sita, ni jiometri, chaki hakuna, mwalimu ametumia kamba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililonitia hofu.

"Kamba hii inaonyesha nini?" aliuliza.

"Mstari."

"Kutoka wapi kwenda wapi?"

"Si kutoka wala kwenda, ajida. Ni mfano tu."

Akamgeukia Twahiru. "Wewe mwalimu. Mstari wako ukiupita ule mti, unafika wapi?"

Nilimkazia Twahiru macho. Nilimwomba kwa macho na kwa midomo isiyo na sauti anyamaze, aseme hajui, ajifanye amezimia.

"Unapanda mlima," Twahiru alisema.

Mlimani ndiko waasi walikokuwa wakitokea. Askari waliokuwa wanacheza karata pale kando waliziweka chini.

"Na ukifika juu?"

"Hausimami. Unapita."

"Na upande wake wa pili?"

Twahiru akafikiri. Jamani, mtu huyu alifikiri kweli, nilimwona anapima kichwani. "Upande wa pili unapita ofisi ya direkta, unashuka." Akageuka kuitazama shule kule juu, akarudisha macho alipokaa ajida. "Unaweza kupita hapa. Karibu na hilo kasha."

Mtu anaulizwa kama amechora njia kutoka kwa jeshi mpaka kwa waasi, naye anasaidia kuisahihisha.

"Kwa hiyo," ajida alisema taratibu, "umewaonyesha watoto njia ya kutoka nilipo mimi mpaka waliko wao."

Nikasikia kamionete inakuja, inanguruma kwenye lami iliyochimbika. Sijui maneno niliyosema yalitoka wapi, maana jiometri yangu yote niliipata kupitia shitingi.

"Ajida, huyu mumempiga, kichwa hakijakaa sawa," nilisema. "Ule si mstari. Ni kipande cha mstari. Mwanzo wake ni msumari ukutani, mwisho wake ni mkebe. Kimeishia pale. Hakipandi mlima wala hakishuki kwako. Hata kwenye kitabu cha serikali kimo. Muulize."

Ajida akamtazama. "Ni kweli?"

Twahiru hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Nilishamwona mtu huyu ana njaa, nilishamwona akimzika mama yake, lakini uso ule sikuwahi kuuona. Kamionete ikasimama, mlango ukafunguliwa. Nikamwambia haraka kwa Kiswahili chetu cha Buyenzi, "Baba Rachidi, Mama Rachidi iko anakungojea. Sema."

"Ni kweli," Twahiru alisema. "Ni kipande. Kinaishia kwenye mkebe."

"Hakiendelei?"

"Hakiendelei."

"Sema tena, wenzangu wakusikie."

"Hakiendelei popote."

Ajida akakaa anazungusha kamba vidoleni. Kisha akawapungia mkono askari wa kamionete kwamba hana mtu wa kuwapa. "Mwalimu," alisema wakati wanamfungua, "mistari yako iwe na mwisho. Vijana wangu wanapita pale dirishani kwako kila siku, wataangalia." Kamba alibaki nayo.

Tulishuka mjini tukikimbizana na saa ya kutotoka nje. Njia nzima nilimsema. Nilimsema juu ya kamba, juu ya mkebe, juu ya mkono alioinua, juu ya lile kasha la bia. Nilimkabidhi kwa Khadidja mlangoni, naye akapokea pale nilipoachia, huku anamsafisha mdomo kwa maji ya chumvi.

Wiki iliyofuata akarudi kazini. Nikatega sikio. Akamwita mtoto ubaoni aweke nukta, mtoto akaweka linukta kubwa, nikasikia chaki inavyosagika. "Vizuri," Twahiru alisema. Akamwita mwingine. "Vizuri." Nilichungulia pembeni mwa shitingi. Alikuwa amechora ubaoni vipande vya mstari, vifupi, na kila kimoja mwanzoni na mwishoni amekiwekea nukta nene nyeupe inayoonekana kutoka barabarani.

Danielle akasimama. "Mwalimu, na baada ya nukta ya mwisho?"

"Hakuna kitu."

"Lakini siku ile tuliona..."

"Uliona mlima. Kaa chini."

Akakaa, na hakusimama tena. Baada ya hapo walikimbia. Wakamaliza pembetatu, wakamaliza mraba, wakaingia kwenye eneo. Mistari sambamba alisema ni vipande viwili vilivyolala pamoja, akapita. Nilichokuwa nakidai tangu Januari nikawa nimekipata, na kila siku nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma kwa hasira. Idi akaniambia kwamba hata msikitini Twahiru sasa anasimama mahali pake tu, safu imepinda kama ilivyopinda, hamgusi mtu.

Nikamvaa njiani asubuhi moja, katikati ya baryeri mbili.

"Baba Rachidi, konkuru itawauliza mustari. Utawaambia nini?"

"Nitawaambia vile we ulisema."

"Nilisema vile usikufe."

"Na sikukufa." Alitembea kidogo. "Kudra, mi niko na batoto. Mustari inaweza kungojea vita iishe."

Alikuwa na haki. Nilimchukia kwa kuwa na haki, nikamchukia ajida, nikaichukia na vita yenyewe ambayo haikuridhika na watu wetu na nyumba zetu, sasa imeingia mpaka kwenye ubao wa darasa la sita. Konkuru ilikuwa inakaribia, na wale watoto wangekwenda pale wakaandike uongo niliotunga mimi kwenye pozisyo.

Siku ile ile niliwaambia watoto wangu wafunge madaftari ya imla.

"Leo tunasoma jiometri," nilisema kwa sauti ambayo mtu wa Kanyosha, kule kusini mwa jiji, angeisikia. "Nukta ni duara nene." Nikachora duara kama sahani. "Mstari ni nukta nyingi zimebebana. Mstari ukiwa mrefu sana huchoka, unapinda."

Upande wa pili, chaki ilisimama.

"Na mistari miwili sambamba, kwa kuwa ni majirani, mwishowe hukutana."

Nikasikia kiatu kinasogea.

"Na mstari ukifika ukutani, unaishia pale. Semeni wote."

"Unaishia ukutani," watoto wangu wakaimba.

"Apana," sauti ilisema nyuma ya shitingi, chini sana.

"Semeni tena."

"Unaishia ukutani."

"Kudra, apana."

"Kama hauishii ukutani, Mwalimu Twahiru, unaishia wapi?"

Hapo nikaogopa. Nje ya uzio askari wawili walikuwa wanapanda barabara, mmoja amesimama anawasha sigara, na dirisha letu liko wazi. Nilijua ninamtaka aseme nini na mbele ya nani. Nikafikiria kuifuta ile sahani yangu ubaoni na kurudi kwenye mbuzi na kisima.

Shitingi ikainuliwa. Akaingia, mdomo bado una kovu bichi, amejaa hasira, na hasira ile yote ilikuwa juu yangu. Akaninyang'anya chaki. Akafuta ubao mzima kwa mkono wa shati lake. Nyuma yake darasa la sita lote lilikuwa limesimama limeshika shitingi juu, Danielle mbele. Akaweka chaki katikati ya ubao, akaanza kuvuta mstari kuelekea dirishani. Ubao ukaisha, hakusimama. Akaendelea ukutani, chaki inakwaruza kwenye plasta, akafika kwenye fremu ya dirisha, akaipita, mkono wake ukatoka nje mpaka begani, chaki imenyooshwa kuelekea mlimani.

"Hauishi," aliwaambia watoto, na sauti yake ilikuwa inakatika. "Niliwadanganya. Hauishi popote."

Yule askari wa sigara aliinua kichwa akatazama dirishani. Nikamrukia Twahiru, nikamshika shati kwa mikono miwili, nikamvuta ndani huku nalia, maana mtu huyu hajui kitu kinachoitwa kiasi.

"Niachie, Kudra," alisema, analivuta shati lake mikononi mwangu. "Bado upande wa pili wa mstari."